Ibn al-Haytham: Mwanachuoni wa Basra aliyechunguza mwendo wa macho

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akamjaalia macho mawili, ulimi na midomo miwili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika ukurasa huu wa Ijumaa mara nyingi tumesimulia habari za maimamu wa fiqhi, wapokezi wa hadithi na majemadari. Leo tumekusudia kumtaja mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakuasisi madhehebu. Alikaa na ubao na vipande vya nta, akajiuliza swali ambalo hata mtoto wa chuoni anaweza kuliuliza: iweje mwanadamu awe na macho mawili, kila moja likiona peke yake, kisha kinachoonekana kiwe kitu kimoja? Swali hilo likamfikisha kwenye mwendo wa macho, na namna jicho la kulia na la kushoto yanavyokwenda sambamba pasina mwenyewe kuyaamrisha moja moja.

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra, nchini Iraq, yapata mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia, zama ambazo khalifa wa Bani Abbas alikuwa amebakia Baghdad kwa jina tu, na amri ikiwa mikononi mwa watawala wa Bani Buwayh. Wazungu walimwita Alhazen, kwa kulipindapinda jina la al-Hasan. Habari zake tunazipata zaidi kwa wanahistoria wawili waliokuja takriban miaka mia mbili baada yake, nao ni Ibn al-Qifti aliyefariki mwaka 1248 na Ibn Abi Usaybia aliyefariki mwaka 1270. Kwa kuwa zama zao zilikuwa mbali na zake, riwaya zao hazikubaliani kila mahali, na msomaji atatuwia radhi tukizitaja zote mbili panapohusika.

Anasimulia Ibn al-Qifti kwamba Ibn al-Haytham, akiwa bado Iraq, aliwaambia watu kuwa lau angekuwa Misri angeufanyia mto Nile jambo la kuwanufaisha raia, mto ukijaa na mto ukipungua. Maneno yana miguu. Yakasafiri mpaka yakamfikia al-Hakim bi-Amrillah, mtawala wa Kifatimi aliyetawala Misri toka mwaka 996 hadi 1021. Mtawala huyu alipenda elimu, na mwaka 1005 alifungua Dar al-Ilm mjini Cairo. Lakini pia alikuwa mtu wa ghadhabu ya ghafla, na waziri wake aliyeamka salama hakuwa na yakini ya kulala salama. Akamtumia mwanachuoni wetu mali kwa siri na kumtaka aje. Alipokaribia mji, al-Hakim akatoka mwenyewe kwenda kumlaki katika kijiji kiitwacho al-Khandaq.

Akapewa mafundi na vibarua, wakaufuata mto kuelekea kusini hadi mahali paitwapo al-Janadil, karibu na Aswan, ambapo maji huporomoka kati ya majabali. Njiani alikuwa akiyatazama majengo ya Wamisri wa kale, yalivyosimamishwa kwa vipimo na mizani isiyo na kombo. Moyo wake ukaanza kumsuta. Watu waliofikia kiasi hiki cha uhandisi, aliwaza, lau jambo hili lingewezekana wasingeliacha. Alipofika al-Janadil na kupapima, akaona kuwa hesabu alizozifanya akiwa Iraq hazikubaliani na mahali penyewe. Akarudi Cairo, akasimama mbele ya mtawala yule yule aliyemlaki mlangoni mwa mji, akakiri kuwa ameshindwa. Bwawa Kuu la Aswan lilikuja kukamilika mwaka 1970, kwa mashine na saruji ambazo watu wa karne ya 11 hawakuwa nazo.

Al-Hakim aliupokea udhuru wake na akampa kazi katika ofisi ya serikali. Ibn al-Haytham aliishika kazi ile kwa hofu, si kwa kuipenda, naye akijua kuwa anayekosea mbele ya bwana yule hapewi nafasi ya pili. Kujiuzulu hakukuwezekana, wala kukimbia. Akajifanya mwendawazimu. Katika sharia yetu kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka atakaporejewa na akili, na hata al-Hakim hakuivunja ngome hiyo. Mali yake ikawekwa chini ya msimamizi, akawekewa watu wa kumhudumia, naye akafungiwa nyumbani mwake. Hali ikabakia hiyo mpaka mwaka 411 Hijria, sawa na 1021, ambapo al-Hakim alitoka usiku kuelekea vilima vya Muqattam na asirudi tena. Kifo chake kilipothibiti, mwendawazimu akarejewa na akili yake siku chache tu baadaye.

Riwaya ya pili, iliyopokewa na Ibn Abi Usaybia, inasema kuwa wazimu ule aliudhihirisha kule kule Basra, ili aachishwe uwaziri aliokuwa amepewa, na baada ya kuachishwa ndipo akahamia Misri. Mimi sioni ulazima wa kuamua kati ya riwaya hizi mbili. Zote zinakubaliana kuwa alikiacha cheo kwa njia ya kujivunjia heshima mbele ya watu, ili apate wakati wa kusoma. Wapo wanaoona aibu kuisimulia sehemu hii ya maisha yake. Waikumbuke habari ya Ammar bin Yasir (RA), aliyelazimishwa na makafiri wa Makka kutamka jambo zito kuliko hilo, na Qur'ani ikamteremshia udhuru katika Surat an-Nahl.

Baada ya kuwa huru, akafanya makazi yake karibu na mlango wa Msikiti wa al-Azhar. Hakuchukua tena mshahara wa mtawala. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake kitabu cha Euclid cha jometri, kitabu cha Ptolemy cha elimu ya nyota kiitwacho al-Majisti, na vile vitabu vya hesabu vinavyosomwa baina ya hivyo viwili. Nakala hizo aliziuza kwa dinari 150 za Misri, bei ambayo ilikuwa haizidi wala haipungui, na fedha hiyo ikawa chakula chake na mavazi yake mpaka mwaka mwingine. Kazi ya kunakili ni kazi ya macho. Anayeijua ni yule aliyewahi kuinamia karatasi kwa taa ya mafuta, jicho likiruka kutoka nakala ya asili kwenda nakala mpya na kurudi, maelfu ya mara kwa usiku mmoja.

Kitabu kilichompa jina ni Kitab al-Manazir, chenye majuzuu saba. Wengine wamesema alikiandika wakati wa kufungiwa kwake, wengine baada ya hapo. Kabla yake wanafalsafa wa Kiyunani walikuwa wamegawanyika juu ya namna ya kuona. Euclid na Ptolemy walishika kuwa miale hutoka ndani ya jicho na kwenda kukigusa kitu, mithili ya kipofu anavyopapasa kwa fimbo. Ibn al-Haytham akauliza: kama miale inatoka kwetu, kwa nini jua kali linatuumiza tukilikodolea? Na kwa nini mtu aliyetazama mwanga mkali kisha akafumba macho, mwanga ule unabakia naye kwa kitambo? Akathibitisha kuwa mwanga ndio unaotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Hayo yanajulikana na wengi, na yameandikwa mara nyingi, kwa hiyo hatutayarefusha. Yasiyosimuliwa sana ni aliyoyasema juu ya mwendo wa jicho.

Alianza kwa kuuliza jicho linapogeuka ni kitu gani hasa kinachogeuka. Akasema kuwa mboni haitembei peke yake juu ya jicho, bali duara lote la jicho huzunguka ndani ya tundu lake la mfupa, na sehemu zake za ndani hubakia katika mpango wake ule ule. Neva inayotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo hupinda pale kwenye tundu la mfupa, si ndani ya jicho lenyewe. Kisha akatazama macho mawili kwa pamoja. Akaona kuwa mtu hawezi kulipeleka jicho moja kwenye kitu na kuliacha jingine limetulia, isipokuwa limezuiliwa. Likienda hili, lile nalo linakwenda, na yanatua mahali pamoja, kiasi kwamba ukiuchora mstari wa katikati wa kila jicho, mistari miwili inakutana juu ya kile kitu kinachotazamwa. Hiyo ndiyo sababu ya kitu kuonekana kimoja.

Hakutosheka na kusema. Akaelekeza uchukuliwe ubao mwepesi ulionyooka, urefu wake dhiraa moja na upana wake vidole vinne. Kwenye ncha moja, katikati, ukatwe ukingo mdogo wa kukalia pua, ili ubao ukae mlalo mbele ya uso, kila jicho likielekea pembe moja ya ubao. Juu yake ichorwe mistari kwa rangi: mmoja wa katikati kwenda urefu, mmoja wa kuukata katikati kwa upana, na miwili ya kutoka pembe hadi pembe. Halafu zifinyangwe nguzo tatu ndogo za nta, kila moja kwa rangi yake, zisimamishwe juu ya mstari wa katikati, moja karibu na uso, moja kati na moja mbali.

Mtu akiikazia macho nguzo ya kati, ataiona moja. Lakini zile nyingine mbili, bila ya kuziangalia, ataziona kila moja ni mbili, na nguzo tatu zitakuwa tano. Mstari wa katikati nao utaonekana kama mistari miwili inayopishana pale penye nguzo ya kati. Nguzo zile mbili zikihamishwa kwenye mstari wa upana, moja kulia na moja kushoto ya ile ya kati, uwili unatoweka na zote tatu zinaonekana kama zilivyo. Ptolemy naye alikuwa ametumia kipande cha mti kwa jambo linalokaribia hili, na Ibn al-Haytham alikisoma kitabu chake. Lakini aliipanua majaribio na kuyapanga kwa namna ambayo kila anayetilia shaka anaweza kuyarudia.

Ndugu msomaji, wewe na watoto wako mnaweza kuyarudia leo baada ya swala ya Ijumaa bila ya ubao wala nta. Nyosha kidole kimoja karibu na uso, na kidole cha mkono wa pili nyuma yake kwa mbali. Kitazame cha karibu, cha mbali kitakuwa viwili. Kitazame cha mbali, cha karibu kitakuwa viwili. Hapana kilichotembea isipokuwa macho yako.

Kuna jambo jingine katika kitabu hicho ambalo nililisoma nikarudi nyuma kulisoma tena. Ibn al-Haytham anagawa kuona katika daraja mbili. Ya kwanza ameiita al-badiha, yaani mtupo wa jicho, ambapo kitu kinaonekana kwa ujumla. Ya pili ameiita at-taammul, yaani kutazama kwa mazingatio, na hii haipatikani jicho likiwa limetulia. Anaeleza kuwa kuona kulikokamilika ni kule kwa mstari wa katikati wa jicho, na kila kilicho pembeni yake huonekana kwa udhaifu. Kwa hiyo anayetaka kukijua kitu hulizungusha jicho mpaka mstari ule uipitie kila sehemu yake. Wataalamu wa leo wanasema yale yale kwa maneno mengine: nyuma ya jicho kuna kidoa kidogo tu chenye uoni mkali, na macho huruka yapata mara tatu kwa kila sekunde ili kukielekeza kidoa hicho hapa na pale. Hata msomaji wa msahafu, anayedhani jicho lake linateleza juu ya mstari, ukweli ni kuwa linaruka na kutua, linaruka na kutua.

Mafaqihi walikuwa na mgawanyo wao unaofanana na huo, nao ni wa kale kuliko kitabu chake. Jarir bin Abdillah (RA) alimuuliza Mtume (SAW) juu ya mtazamo wa ghafla, akaamrishwa ageuze macho yake. Na Ali bin Abi Talib (RA) aliusiwa asiufuatishe mtazamo kwa mwingine, kwa kuwa ule wa kwanza hana lawama nao na wa pili si wake. Mtupo wa jicho unamjia mja bila ya hiari. Unaofuata ni lazima jicho lipelekwe, na apelekaye ndiye anayeulizwa. Ibn al-Haytham hakuandika habari ya halali na haramu katika kitabu chake, na sitaki kumtwisha nisichokisoma kwake. Naona tu kwamba aya ya 30 ya Surat an-Nur, inayowaamrisha waumini wanaume kuinamisha macho yao, na ile inayoifuata kwa waumini wanawake, zinazungumza juu ya kiungo ambacho kweli kimepewa hatamu.

Hatamu hizo ni misuli. Ibn al-Haytham hakuifafanua, aliwaachia wenye vitabu vya tashrihi, yaani elimu ya viungo vya mwili, na akasema wazi kuwa habari za umbile la jicho amezichukua kwao. Zama zake hazikuwa na uhaba wa matabibu wa macho. Katika Cairo hiyo hiyo ya al-Hakim alikuwako Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyeuondoa mtoto wa jicho kwa kuufyonza kwa sindano yenye uwazi ndani yake, na Baghdad alikuwako Ali bin Isa, mwenye kitabu kiitwacho Tadhkirat al-Kahhalin. Vitabu vyao vilimfuata Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye Waarabu humwita Jalinus. Galen aliitaja misuli inayoligeuza jicho, akaongeza mmoja unaoizunguka neva nyuma yake. Msuli huo wa ziada upo kweli kwa baadhi ya wanyama, kama vile ng'ombe, na Galen alikuwa akipasua wanyama. Mwanadamu hana. Kosa hilo lilinakiliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu, Mashariki na Magharibi, hadi Gabriele Falloppio wa Italia aliposahihisha katika kitabu chake cha mwaka 1561.

Misuli ya kila jicho la mwanadamu ni sita. Minne imenyooka: mmoja upande wa pua, mmoja upande wa sikio, mmoja juu na mmoja chini. Miwili inakwenda mshazari. Ukitazama kulia, msuli wa nje wa jicho la kulia na msuli wa ndani wa jicho la kushoto huvuta kwa wakati mmoja, na ile inayokabiliana nayo hulegea kwa wakati huo huo. Ukisoma kitu cha karibu, misuli ya ndani ya macho yote mawili huvuta pamoja. Ubongo huiendesha misuli hii kwa neva tatu: moja inahudumia misuli minne, moja inahudumia ule wa nje peke yake, na moja inahudumia mmoja wa ile ya mshazari. Huu wa mwisho ni wa ajabu. Unatoka nyuma kabisa ya tundu la jicho, unakwenda mbele mpaka karibu na pua, hapo unapita katika kipete kidogo kigumu, kisha unageuka na kurudi kulishika jicho kwa juu. Mabaharia wetu wanaelewa upesi wakiambiwa kuwa ni kama kamba ya tanga inavyopita kwenye kapi. Falloppio huyo huyo ndiye aliyelieleza kapi hili la jicho.

Msuli huo una kazi kubwa mtu anapotazama chini na kusoma, na hapa nina deni la kulikiri. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha madrasa, nilikuwa na mwanafunzi aliyeanguka juu ya mwembe akapata jeraha la kichwa. Aliporudi chuoni akawa anasoma kichwa amekilaza upande mmoja, na mara nyingine amelifumba jicho moja. Nilimkemea mbele ya wenzake, nikidhani anacheza na Kitabu cha Allah. Yeye akanyamaza. Baadaye mzazi wake alimpeleka kwa daktari wa macho, ikabainika kuwa neva ya msuli ule wa kapi ilidhurika kwa kuanguka, na kila mstari wa msahafu alikuwa akiuona miwili. Kukilaza kichwa kulikuwa ndiyo njia yake ya kuirudisha mistari iwe mmoja. Nilimwomba radhi, na mpaka leo nikimwona mtoto ameinamisha kichwa upande namuuliza kwanza anaona nini.

Wazazi wengi wananiuliza juu ya watoto wenye makengeza, kwa hiyo tusilipite. Mtoto mchanga macho yake yanaweza kutangatanga katika miezi ya mwanzo. Akishapita umri wa miezi minne na macho bado hayaelekei pamoja, apelekwe kwa daktari, wala asingojewe akue. Mtoto mdogo ambaye macho yake hayakutani haoni viwili kama mtu mzima; ubongo wake huyapuuza yanayoletwa na jicho moja, na jicho lisilotumika hufifia uoni wake hata kama lenyewe ni zima. Tiba yake ni miwani, au kulifunika jicho zima kwa saa kadhaa ili lile dhaifu lifanye kazi, au kuirekebisha misuli kwa upasuaji, na hufaa zaidi akiwa hajapita miaka saba au minane. Wapo wanaochelea kuwa upasuaji huo ni kubadilisha maumbile ya Allah. Hapana. Arfaja bin As'ad (RA), aliyekatwa pua vitani, aliamrishwa na Mtume (SAW) atumie pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumuharibikia, na wanazuoni wamejenga juu ya hadithi hiyo kuwa kuondoa dosari na madhara ni katika tiba. Kumwita mtoto wa mwenzio kwa jina la makengeza yake, hilo ndilo lililokatazwa katika Surat al-Hujurat.

Turudi kwa mwenyewe. Ibn al-Haytham naye alikosea. Alidhani hisia ya kuona inaanzia kwenye ile sehemu ya jicho tuiitayo lenzi, na ilibidi asubiriwe Johannes Kepler wa Ujerumani, mwaka 1604, kueleza kuwa picha inaangukia kwenye utando ulio nyuma ya jicho. Lakini alikuwa amewaachia waliokuja nyuma yake ruhusa ya kumsahihisha. Katika kitabu chake ash-Shukuk ala Batlamyus, alichokiandika kuzibainisha kasoro za Ptolemy, anasema kwa maana kuwa anayeitafuta haki hapaswi kuvidhania wema tu vitabu vya waliotangulia, bali ajifanye hasimu wa kila anachokisoma, na aituhumu pia nafsi yake anapokichunguza. Huyo alikuwa ndiye mtu aliyekula kwa kukinakili kitabu cha Ptolemy kila mwaka.

Alifariki mjini Cairo yapata mwaka 430 Hijria au muda mfupi baadaye. Ibn al-Qifti anataja kuwa alimiliki juzuu ya jometri iliyoandikwa kwa mkono wa Ibn al-Haytham, yenye tarehe ya mwaka 432, ambao ni karibu na 1041 Miladia.

Kitab al-Manazir kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, kikasomwa na Roger Bacon na wenzake, na Friedrich Risner akakichapisha mjini Basel mwaka 1572. Huku kwetu kilikuwa kimekaribia kusahauliwa. Mwanafunzi mmoja wa Kifursi, Kamal al-Din al-Farisi, alipotatizwa na mambo ya mwanga, mwalimu wake Qutb al-Din ash-Shirazi, aliyefariki mwaka 1311, alikumbuka kuwa katika ujana wake aliwahi kukiona kitabu hicho. Akaagiza, na nakala ikaletwa kutoka nchi ya mbali. Al-Farisi akakisoma chote, akakiandikia sherehe aliyoiita Tanqih al-Manazir, na kwa kutumia duara la kioo lililojazwa maji akaeleza namna upinde wa mvua unavyopatikana. Matini ya Kiarabu ya majuzuu matatu ya mwanzo, ambamo mna ule ubao na zile nguzo za nta, ilihakikiwa na Abdelhamid Sabra na kuchapishwa Kuwait mwaka 1983.

Allah (SW) amrehemu, na atujaalie macho yetu kuwa mashahidi wetu wala si mashahidi juu yetu. Amin.